Neno Lisilo na Babu

Fundi wa majokofu alikuwa na swali moja kwa kila mteja, na hakuliuliza kwa adabu. Jokofu likishushwa kwenye mkokoteni mbele ya karakana yake, kabla hata ya kuitikia salamu, alilizunguka, akaligusa mgongo kwa kiganja, kisha akasema, "Nani kafungua?" Alitaka kuwajua wote waliowahi kutia bisibisi humo ndani: wa kwanza nani, wa pili nani, gesi katia nani, na huu waya mwekundu uliofungwa kwa gundi ya karatasi ni kazi ya mwehu gani. Mteja asiyejua alirudishwa na mzigo wake akaulize. Mtaa mzima ukaacha jina lake ukamwita Nanikafungua, naye akaitika bila kinyongo, maana mtu aliyenuna tangu ujana hawezi kuanza kuchagua majina uzeeni.

Mkewe alishona sare za shule barazani, kwa cherehani ya miguu, upande wa pili wa ukuta wa karakana. Alimjua mumewe kuliko alivyojua kukata kola. Jua likichomoza mapema alilalamika, likichelewa alilalamika. Redio ya jirani ikilia ilikuwa kelele, ikizimwa ilikuwa roho mbaya ya kumnyima habari. Mgeni akicheka sana aliulizwa kinachochekesha, akishaeleza alielezwa kwa nini hakichekeshi. Sukari ya nyumba hiyo alikaa nayo yeye, na kijiko chake kilikuwa kidogo kuliko vijiko vya watu wengine.

Lakini mwaka mmoja mkewe, mama wa watoto wake, aliposhikwa na mgongo asiweze hata kuketi, ni huyohuyo aliyeipikia nyumba nzima, akapika vibaya, na kila jioni akakikashifu chakula utadhani kimepikwa na adui yake. Hakumdhulumu mteja hata msumari. Mama alisema amekaa naye kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu alikwisha kumjifunza, hana tena nguvu za kuanza kumjifunza mwingine.

Taabu ilikuja watoto walipokua, maana lile swali lilivuka ukuta likaingia sebuleni. Mchumba wa binti mkubwa alitajishwa baba, babu na baba wa babu, na akaulizwa huyo wa mwisho alihama kwao kwa sababu gani, kama si wizi. Mke wa mtoto wao wa kiume nusura akose ndoa kwa sababu babu yake aliwahi kugombania ua na jirani. Wote walipita hatimaye, baada ya kusota, naye Fundi alijisifu kwamba nyumba yake haina kitu cha kuokotwa. Hilo alilisema mara nyingi, na kwa sauti, hata mbele za watu.

Ndiyo maana binti yao kitindamimba, aliyeuza dawa kwenye duka la dawa karibu na stendi, alikwenda kwa mama yake kwanza. Alikaa chini kati ya vipande vya vitambaa, akasema amempata mtu. Ni mwalimu wa Kiingereza. Ni mpole, ana kazi, anamchekesha. Ila hana kwao. Aliachwa mchanga kwenye benchi la zahanati, amefungwa kwenye shuka, akalelewa kituo cha watoto mpaka akatoka mtu mzima. Jina lake la pili alipewa na karani wa zahanati. Hakuna baba wa kutaja, hakuna babu, hakuna hata kijiji cha kusingizia.

Mama akaacha kukanyaga cherehani. Akauliza kama mzee ataambiwa. Binti akajibu kwamba Mwalimu mwenyewe amekataa kusemewa. Atasema kwa mdomo wake, uso kwa uso, siku atakayoulizwa. Mama akamwombea kwa Mungu kimoyomoyo, maana aliliona jambo lenyewe waziwazi: huyu naye atarudishwa na mkokoteni wake, na binti ataondoka naye, au atabaki na kumchukia baba yake maisha yote. Hakukuwa na njia ya tatu.

Jumamosi Mwalimu akaja na mfuko wa machungwa, suruali imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake. Fundi alimkagua. Alimwuliza kwa nini walimu wa siku hizi wanavaa suruali za kubana, kwa nini watoto wa siku hizi hawajui kugawanya, na kama machungwa aliyaonja kabla ya kununua, kwa kuwa haya yana sura ya ukakasi. Mwalimu akajibu yote kwa heshima. Mama, mlangoni na sinia la chai, aliona mumewe anasogea kwenye lile swali kama mtu anayeshuka ngazi, akatamani paa lianguke kidogo.

Kilichoanguka ni ulimi wa Mwalimu. Alitoka uani kunawa mikono, binti akimmiminia maji, na kwa hofu aliyokuwa nayo akamnong'oneza kwa Kiingereza kwamba baba yako ni curmudgeon hasa. Hakujua kwamba Fundi alikuwa nyuma yake na taulo. Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha vijitabu vya mashine, cha kompresa na thamostati na hatari usiguse, lakini mtu hahitaji kamusi ili ajue kwamba anasemwa.

"Hilo neno la mwisho," akasema. "Maana yake nini?"

Mwalimu angeweza kusema maana yake ni mzee wa busara, na hakuna ambaye angemkamata. Akaliangalia taulo, akasema, "Ni mzee mnung'unikaji, baba. Mwepesi wa hasira, mgumu wa mkono. Asiyependa kuchekewa."

Fundi alifikiri. Alifikiri kama anavyofikiri akiwa amelaza sikio kwenye mashine. Kisha akatikisa kichwa, akasema sawasawa, ndivyo. Hakukasirika hata chembe. Ugonjwa umepimwa vizuri, ukweli haugombwi. Mama alikuwa bado hajashusha pumzi alipomsikia akiendelea.

"Limetoka wapi?"

Mwalimu hakuelewa. Fundi akamfafanulia kwamba neno haliwezi kushuka kwenye mawingu. Lina aliyelianzisha, lina aliyelirithi, limepita mikononi mwa watu. Baba yake nani? Babu yake nani? Mwalimu akakiri hajui. Hapo ndipo sura ya mzee ilipobadilika. Akamwambia kwamba kutukanwa anaweza kutukanwa, amezoea, hata mkewe humtukana na wanaelewana, lakini kuletewa nyumbani kwake kitu ambacho mletaji hajui kimetoka wapi, hilo hapana. Aende akatafute. Mambo mengine yote, pamoja na yeye Mwalimu ni wa ukoo gani, yatasubiri mpaka neno litajiwe ukoo wake kwanza.

Mama alimwona kijana akishusha mabega, mtu aliyeahirishiwa kesi. Alimwonea huruma, na papo hapo akamwona mjinga, kwa sababu kesi iliyoahirishwa haijafutwa.

Basi Jumamosi zikawa za neno. Kwa kuwa ndimi za nyumba hiyo zilikataa kulibeba lilivyo, likaitwa kamajeni, likazoeleka, likawa kama mtu wa tano mezani. Mwalimu alikuja na alichokipata kwenye makamusi ya maktaba, Fundi akakaa kitini kama hakimu, na mama akaanza kuhamishia cherehani yake karibu na dirisha ili asipitwe.

Mara ya kwanza Mwalimu alisema wapo wanaodhani neno hilo lina undugu na la mtu anayelimbikiza nafaka njaa ikiingia, ili aiuze ghali. Mfasiri mmoja wa zamani sana aliandika kitu kama hicho. Mama akacheka peke yake dirishani, akasema basi kwa sukari linaingia. Fundi akajifanya hakusikia. Akauliza ushahidi. Mwalimu akasema wataalamu wenyewe wanahisi huenda mfasiri yule alikuwa anatania tu, amelipinda neno lililokuwapo tayari. Fundi akalitupilia mbali, akasema mzaha hauzai.

Jumamosi nyingine likaja la Kifaransa. Bwana mmoja aliyetunga kamusi kubwa aliandika kwamba huenda neno linatokana na maneno mawili ya Kifaransa, yaani moyo mwovu, na kwamba habari hizo aliletewa kwa barua na mtu asiyejulikana. Fundi akataka kujua ni kituo gani cha polisi kinachopokea ushahidi wa mtu asiyejulikana. Mwalimu akasema subiri, mzee, utamu uko mbele. Baadaye akaja bwana wa pili, naye anatunga kamusi yake, akachungulia ya mwenzake, akaelewa kombo. Akaandika kwamba katika Kifaransa neno la kwanza maana yake ni asiyejulikana, na la pili maana yake ni mwandishi wa barua.

Ikachukua muda kidogo. Kisha Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka, akasema huyo namjua, huyo ndiye yule aliyefunga waya kwa gundi ya karatasi. Mama alisimamisha sindano katikati ya mfuko wa kaptura. Hakukumbuka mara ya mwisho kusikia sauti hiyo nyumbani kwake, na alipoisikia alimpenda Mwalimu kabisa, bila kubakiza.

Baada ya hapo mzee hakufichika tena. Jumamosi alinyoa ndevu. Machungwa yaliyokuwa na sura ya ukakasi yakawa yanaulizwa yasipoletwa. Kule karakana alianza kulitumia neno kwa wateja: mimi ni kamajeni, bwana, usinicheleweshe. Muuza nyama wa jirani akamwuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Akajibiwa kwamba unaambukiza, lakini hauwapati watu wa mizani ya uongo. Ikaja Jumamosi ya mbwa, kwa kuwa mwanzo wa neno unafanana na Kiingereza cha mbwa koko, na Fundi akaupokea ukoo huo kwa siku nzima, akibweka kila alipodaiwa kijiko cha sukari, mpaka Mwalimu alipokiri kwamba hilo nalo ni la kubahatisha.

Siku ya mwisho Mwalimu alikuja mikono mitupu. Alikaa, akapewa chai, akasema, "Nimemaliza, baba. Hakuna." Akaeleza kwamba makamusi makubwa yote, ukishapita mbwa na nafaka na moyo mwovu, yanaishia mahali pamoja: asili haijulikani. Neno limeonekana kwenye maandishi zaidi ya miaka mia nne iliyopita, limekwisha kuwa na umbo lake, na hakuna anayejua lilitoka kwa nani.

Fundi akachukizwa kwa niaba ya Waingereza. Miaka yote hiyo, watu wenye meli na mashine, wanalitumia tu bila kuuliza?

"Wameuliza, baba. Hawakupata. Wakaendelea kulitumia kwa sababu linafanya kazi."

"Basi ni neno la kuokotwa."

Mwalimu akasema ndiyo. Binti, aliyekuwa amesimama kwenye pazia, akalishika pazia. Mwalimu akasema, "Na mimi ndivyo nilivyo, baba. Mimi ni wa kuokotwa." Akasema yote, la benchi na shuka na karani, pole pole, bila kuomba radhi na bila kujihurumia. Alipomaliza, kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

Fundi alimtazama kitambo. "Nimesikia," akasema. Akainuka, akavuka uani, akaingia karakana. Muda si mrefu wakasikia anagonga nyundo, na mama alijua kwamba siku hiyo hakukuwa na kitu chochote humo cha kugongwa.

Juma hilo nyumba ilikuwa ngumu kukaa. Binti alikwenda kazini na kurudi bila kumwangalia baba yake. Mzee hakulalamika jua wala redio, na hilo lilimtisha mama kuliko kelele zote. Hakumwambia neno. Alimpa nafasi ya kujirudi mwenyewe, ingawa alikwisha kujua tangu zamani kwamba ukimpa nafasi mwanamume huyu, anaitumia kukaa.

Jumamosi Fundi akanyoa ndevu. Akavaa shati safi, akaketi barazani karibu na cherehani, akaiangalia njia. Chai ikapoa. Mwisho akasema, kama anayezungumza na njia, kwamba Mwalimu amechelewa.

"Haji," mama akasema.

"Anaumwa?"

Hapo mama akaacha cherehani. "Unamtaka wa nini? Hana babu." Akaendelea kwa hasira. "Tusi la watu, halina baba wala mama, umelipokea, umelivaa, unatamba nalo mpaka kwa muuza nyama. Mtu amekuja kwa miguu yake, amekwambia kweli ambayo hukumwuliza, huyo ndiye humtaki."

"Sijasema simtaki."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema nimesikia."

"Umemwambia mtu asiye na kwao kwamba umesikia, ukamwacha na kikombe mkononi."

Alikuwa analia, na alikasirika kwamba analia, akapangusa macho kwa mkono wa sare ya mtoto wa watu. Mzee aliangalia viatu vyake. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo ambayo hata yeye mama hakuwa amezoea kuisikia. "Sikujua niulize nini. Swali langu ni moja. Kwake limegonga ukuta."

"Jokofu hulitafuti baba," mama akamwambia. "Hujapata hata siku moja kuuliza kiwanda. Unauliza nani kalishika."

Mzee akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa bisibisi, ambao haukuwa na kazi yoyote huko aendako ila hakujua kutembea bila huo, akashika njia ya shule, kwenye nyumba za walimu.

Alirudi alasiri, Mwalimu nyuma yake amebeba ule mfuko. Binti alipomwona aliingia chumbani na kufunga mlango, akatoka amenawa uso. Fundi alimtolea mkewe taarifa jikoni, amesimama, kwa ile sauti yake ya kumweleza mteja ubovu. Kijana alishikwa kwanza na muuguzi, kwa muda mfupi. Kisha na mpishi wa kituo, mama mmoja mkali, aliyemfundisha kusoma kwa maandishi ya mifuko ya unga na kumchapa akikosea. Marehemu sasa. Kisha na mlinzi wa geti, mlevi lakini mwaminifu, aliyeuza redio yake ili kijana apate viatu vya sekondari. Naye marehemu. "Nimeona kazi za mafundi wengi," akasema. "Hao hawakuharibu kitu." Akafungua kopo la sukari, akaweka vijiko viwili kwenye kikombe cha mgeni. Mama akageukia jiko, akajifanya anachochea.

Ikapangwa siku ya posa. Dada mkubwa wa Fundi akaitwa aongoze upande wa binti, mwanamke aliyezaliwa na swali lilelile mdomoni, tena yeye akiliuliza kwa miwani. Alikaa katikati ya kochi, wajomba kulia, shangazi kushoto. Kule ng'ambo, kwenye viti vilivyowekwa kwa ajili ya wazee wa mwanamume, Mwalimu alikaa na mwalimu mwenzake wa hesabu, kijana kama yeye, aliyekuwa anatoka jasho. Viti vingine vilikuwa wazi. Hakukuwa na asiyeviona. Mama alimtafuta mumewe kwa macho, maana kiti chake kando ya dada yake nacho kilikuwa kitupu.

Fundi akaingia kwa mlango wa uani, amevaa koti. Akalipita kochi la dada yake bila kusimama. Akavuka mkeka, akaketi kiti cha kwanza cha wageni, bega kwa bega na Mwalimu, akakunja mikono.

Dada mtu akashusha miwani. Akamwambia amekosea upande. Fundi akasema hajakosea, anaona vizuri. Dada mtu alimjua ndugu yake, akajua pia kwamba shughuli lazima iende kama inavyokwenda, basi akajikohoza, akauliza kwa sauti ya shughuli lile swali ambalo ukoo wao umekuwa ukiwauliza watu miaka yote.

"Kijana huyu ni wa nani?"

Mwalimu akafungua mdomo. Fundi akamwekea mkono gotini.

"Wa kwangu," akasema. "Nyinyi upande wa mwanamke, chai mnaleta lini? Mmetukalisha hapa kama mizigo."